Kona ya Mama Jabala

Msikiti wetu wa Basra ulikuwa na kona mbovu, na kona hiyo ilikuwa na mwenyewe. Ukuta wa upande wa magharibi ulianzia kwenye kibla ukiwa umenyooka vizuri, ukashuka mpaka karibu na mwisho wake, kisha ukaingia ndani ghafla, ukakizunguka kiwanja kidogo chenye tita la matete, ndipo ukaendelea na safari yake. Mgeni akiuliza kulikoni, aliambiwa, "Hapo ni kwa Mama Jabala." Wengine walisema kwa kucheka na wengine kwa kuudhika, kutegemea siku hiyo walisimama wapi kuswali.

Jina lake hasa lilikuwa Unaisa, lakini nadhani hata yeye alikuwa ameshalisahau. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuitia ngamia, na mtu anayezungusha maneno alimchosha upesi. Alifika hapa akiwa binti mwenye mimba changa, wakati Basra haijawa mji bado, ni kambi tu ya wapiganaji katikati ya ardhi ya chumvi. Mume wake, Huraithi, alikuwa mmoja wa waliokwenda kwenye vinamasi kukata matete wakaja kuyasimamisha yawe msikiti. Msikiti wa matete, naam. Vijana wa leo ukiwaambia wanadhani unawatania. Walichimba mashimo, wakayafunga matete mafungu mafungu, wakayainamisha vichwa vikutane, wakatandaza mikeka juu, na humo jeshi zima likaswali. Wakitoka kwenda vitani waliubomoa msikiti na nyumba zao kwa mikono, wakafunga matita, wakayalaza chini, wakaondoka. Wakirudi, kila mtu alifungua tita lake na kusimamisha nyumba palepale alipoiacha.

Desturi ikatokea hapo. Tita la mtu aliye vitani halifunguliwi na mwingine. Mkewe hafungui, baba yake hafungui. Mwenye kulifunga ndiye atakayelifungua akirudi, na ikithibitika kwamba hatarudi tena, mama yake hulifungua, na watu wakaja kulia. Kabla ya hapo halii mtu. Hakuna mwanachuoni aliyetufundisha hayo, yalikuwa mambo ya wazee wa kambi tu, lakini ungethubutu kugusa fundo la mtu aliye vitani ungeona kisu kikichomolewa.

Baadaye tuliungua, maana mji wa matete hauishi na moto kwa amani, na watu wakajenga kwa udongo. Kisha akaja liwali mwingine akasema nyumba ya Mungu haiwezi kuwa duni kuliko maghala ya watu. Yakaja matofali ya kuchoma na chokaa, zikaja nguzo za mawe kutoka milima ya Ahwazi na mbao za msaji kutoka ng'ambo, na msikiti ukaanza kunenepa kila upande. Nyumba za jirani zilinunuliwa moja baada ya nyingine. Watu walipokea haki yao wakahama, wengine wakifurahi kabisa. Kikabaki kiwanja cha Jabala.

Jabala alikuwa mtoto pekee wa Unaisa. Huraithi alipofariki, kijana alipewa kipande cha ardhi kando ya nyumba ya mama yake, akajenga kibanda cha matete kama baba yake alivyoanza, akaoa. Hata mwezi haukutimia, jeshi likaitwa kwenda Sijistani. Akakibomoa kibanda chake, akalifunga tita, akalilaza karibu na mafiga, akamwambia mama yake asije akaruhusu mbuzi wa jirani kulitafuna. Akaenda. Jeshi lilirudi, likaenda tena, likarudi tena, na yeye hakuwemo katika waliorudi wala katika waliotajwa kufa. Mmoja alisema alimwacha akiugua homa kwenye kivuko cha mto. Mwingine akaapa kwamba alijiunga na watu wa Khurasani, na kwamba alikuwa amenenepa. Miaka ikapita kumi, na zaidi.

Matete hayana umri huo. Yanaoza, mchwa wanayala, chumvi ya ardhi yetu inayapanda kutoka chini. Kwa hiyo kila majira ya baridi Mama Jabala na mkaza mwana wake, Raita, walichuchumaa kando ya tita, wakachomoa tete lililooza na kusukuma jipya mahali pake, taratibu, bila kulegeza fundo. Fundo lile halikuguswa. Majirani waliwaona na hakuna aliyesema kitu, maana kila nyumba ya zamani hapa Basra ina jambo lake la kutosemwa.

Msimamizi wa ujenzi aliitwa Harmala, mtu safi, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, na mpenzi wa mawe kupita kiasi. Mtamkumbuka kwa ile habari ya changarawe. Zamani tulisujudu kwenye vumbi, na mtu akiinuka alipiga makofi kukung'uta mikono, mpaka watoto wakaanza kudhani makofi ni sehemu ya swala. Liwali aliposikia hivyo aliamuru msikiti wote umwagwe changarawe. Harmala ndiye aliyepewa kazi ya kuzipokea. Aliinua kokoto moja moja kwenye jua, akizigeuza, na zisizokuwa na rangi aliyoitaka alizirudisha na punda wake. Watu walisema mtu huyu akifa, atakataa udongo wa kaburi lake mpaka apewe mwingine.

Sasa mfikirieni mtu wa namna hiyo akiamka kila siku kuitazama ile kona.

"Assalamu alaikum, Mama Jabala," alisema asubuhi moja, amesimama nje ya uzio.

"Wa alaika salamu. Kama ni habari ya kiwanja, beba salamu zako urudi nazo."

"Mama, nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza mwaka jana. Una jipya?"

"Safu zinakatika, mama. Mtu anasimama kuswali, kulia kwake anatakiwa awe na Mwislamu mwenzake, yeye ana ukuta. Waliokaa upande wa pili hawamwoni imamu wala hawamsikii. Wanarukuu watu wakiwa wanasujudu! Hilo jambo hulioni?"

"Ukuta umeujenga wewe, Harmala. Mimi nina matete."

"Na hayo matete si nyumba. Watu wanakuonea haya tu kukuambia. Hizo ni kuni."

Mama Jabala aliweka chini mchi aliokuwa akitwangia shayiri, akainuka.

"Rudia."

"Ulimi umeteleza, mama."

"Umeteleza? Basi teleza nao mpaka kule njiani, kabla sijakusaidia."

Harmala alirudi nyuma hatua, lakini hakuondoka. "Nitakupa popote unapotaka. Karibu na kisima, karibu na soko, useme wewe."

"Si changu niuze. Ni cha mwanangu. Akirudi zungumza naye."

"Na asiporudi?"

"Nani amekuambia hatarudi? Wewe umekwenda Sijistani? Wewe huendi hata Ahwazi, mawe yako unaletewa."

Watu waliokuwa wakipita walicheka, Harmala akaondoka masikio yamemwiva. Mama Jabala aliketi tena akaendelea kutwanga, na yeyote aliyemwona angesema mwanamke huyu hana wasiwasi duniani.

Si kweli. Hakuwa mtu wa kuudharau msikiti. Kila Ijumaa alisimama nyuma na wanawake wenzake, na imamu alipomaliza Fatiha alisikia amina ikipanda kutoka mbele, ikija safu kwa safu, mpaka ikagonga ukuta unaozunguka kiwanja cha mwanawe na kukatika. Halafu, upande wa pili wa ukuta, sauti chache zilizochelewa ziliitikia peke yazo. Kila mara ilimchoma. Mume wake alichanwa viganja na matete ya msikiti huu, na leo mke wake ndiye anayewatenga watu na imamu wao. Alijitetea moyoni kwamba si yeye, ni amana. Utetezi ulitosha mpaka Jumamosi, na Ijumaa nyingine ilimkuta palepale.

Tena kulikuwa na Raita. Aliolewa akiwa mdogo, akalala chini ya paa la Jabala siku chache, kisha paa likafungwa tita. Tangu hapo aliishi kwa mavyaa wake. Alisokota manyoya ya ngamia kwa ustadi, akauza nyuzi zake sokoni Mirbadi, na kati ya wanunuzi wake alikuwapo fundi wa matandiko aitwaye Budaili, mtu wa Kufa, mjane mwenye binti mdogo. Budaili alianza kununua nyuzi nyingi kuliko ngamia wote wa Basra wanavyohitaji. Mwishowe alikwenda kwa kaka yake Raita, Suraka, akasema nia yake. Suraka akamjibu kwamba dada yake bado ni mke wa mtu, na mtu huyo haonekani.

Habari hiyo ilimfikia Harmala, na Harmala hakulala juu yake. Sheria aliijua, kama wote tulivyoijua. Mke wa mtu aliyepotea akiomba, na miaka minne ikiwa imepita, kadhi humhesabu mume wake kuwa amekufa, mwanamke hukaa eda, kisha yuko huru. Na mtu akishahesabiwa amekufa, mali yake hurithiwa, na mrithi anaweza kuuza. Akamfuata Suraka. Wakakubaliana upesi, maana kila mmoja alikuwa na lake, na jambo likafikishwa kwa kadhi.

Kadhi wetu wakati ule alikuwa mzee mfupi, mwenye macho mabovu na ulimi mzima. Alikaa chini ya nguzo mpya ndani ya msikiti, juu ya kipande cha mkeka, na siku hiyo watu walijaa kumzunguka, kwa sababu mji mzima ulikuwa na maoni kuhusu ile kona. Harmala alisema maneno mengi na mazuri, juu ya umma, juu ya safu, juu ya wajibu. Kadhi alimwacha mpaka akaishiwa pumzi.

"Wewe ni ndugu yake Jabala?" aliuliza.

"La, bwana kadhi."

"Unamdai?"

"La."

"Unamrithi?"

"Mimi ni msimamizi wa ujenzi, bwana kadhi."

"Kwa hiyo unataka nimuue mtu ili ukuta wako unyooke."

Watu waliangua kicheko, mmoja akapiga makofi kwa nguvu. Kadhi akamgeukia Raita, ambaye alikuwa ameketi nyuma ya kaka yake.

"Haki ya kuomba ni yako, binti yangu, si ya huyu wala ya kaka yako. Ungeweza kuomba tangu zamani. Sasa nakuuliza mbele ya watu. Unaomba?"

Mama Jabala alikuwa amesimama upande wa pili, shingo amenyoosha, anamtazama. Raita aliinua macho yakakutana na yale ya mavyaa wake, akayarudisha kwenye changarawe.

"Siombi," alisema.

"Raita!" Suraka alinong'ona kwa hasira. "Umerogwa?"

"Nimesema siombi."

"Basi imekwisha," akasema kadhi. "Harmala, mche Mungu na ukuta wako."

Mama Jabala alirudi nyumbani kama aliyeteka ngome. Alichinja kuku, akapika harisa, uji mzito wa ngano na nyama, ikaiva mpaka ikavutika, akawaita majirani, akawaigizia kadhi na akamwigizia Harmala na ndevu zake. Raita alipakua, akagawa, akaosha vyombo. Yeye mwenyewe hakula, na Mama Jabala aliliona hilo akajifanya hakuliona.

Baridi ilipoanza, walichuchumaa tena kando ya tita, kama kila mwaka. Raita alichomoa tete moja, likamvunjikia mkononi likawa unga.

"Toa, tia jingine," Mama Jabala alisema.

"Mama, kati ya haya, lipi alilikata yeye?"

"Swali gani hilo?"

"Nauliza tu. Yeye alikata matete akayafunga. Kumebaki lipi?"

Mama Jabala alilitazama tita. "Fundo limebaki."

"Fundo," Raita alisema, na kuendelea kuchomoa.

"Una jambo. Liseme."

"Sina."

"Mwanamke wewe, tumekaa pamoja muda gani? Ukiwa na jambo unavuta pumzi puani. Kwa kadhi ulisema huombi. Kwa nini?"

"Ulikuwa unanitazama."

"Nilikuwa natazama watu wote!"

"Ulikuwa unanitazama mimi, mama."

Mama Jabala alifuta mikono kwenye nguo. "Nilidhani umemwonea haya mumeo. Nikasema moyoni, mwanangu alioa mtu."

Raita aliweka chini tete alilolishika. Aliongea polepole, kama anayetoa mwiba. "Mama, uso wake siukumbuki. Nimejaribu. Nakumbuka alikuwa akikohoa asubuhi, na nakumbuka mikono yake ikifunga hili tita. Basi. Na yeye nilikaa siku chache tu. Maisha yangu nimekaa na wewe. Nilisema siombi kwa sababu yako, si kwa sababu yake."

"Kwa hiyo unamtaka huyo mshona matandiko."

"Namtaka."

"Huna hata haya!"

"Nilikuwa nazo. Zimenichosha."

"Toka, basi!" Mama Jabala aliinuka, na sauti yake ile ya kuitia ngamia ikasikika mpaka msikitini. "Toka! Nenda ukamfugie mwanawe! Nani amekushika? Nimekufunga kamba mimi?"

Raita hakuinuka. "Siendi," alisema. "Ndiyo shida yenyewe, mama. Bila wewe kusema, siendi. Nitakaa hapa nizeeke, tutakuwa tunabadilisha matete."

Akachukua tete jipya akalisukuma mahali pake.

Mama Jabala aliingia ndani akakaa gizani mchana kweupe, mlango ameurudishia. Nataka nimtendee haki hapa, maana wengi walisema baadaye kwamba alikuwa mwanamke aliyejidanganya. Hakujidanganya. Kwamba Jabala amekufa, alishalijua miaka mingi, mwili wake ulimwambia, kama unavyomwambia mtu kwamba maziwa yamekatika. Jambo lililomtisha lilikuwa lingine. Maadamu hakuna aliyelisema, lilikuwa jambo la Mungu peke yake. Sasa lilitaka kinywa cha mtu, na katika Basra yote kinywa kilichobaki ni cha aliyemzaa. Alimwonea uchungu Raita, na alimchukia vilevile, na alijichukia kwa kumchukia. Alifikiri juu ya yule binti mdogo wa Budaili, asiyekuwa na mama. Akafikiri juu ya Jabala akiugua kwenye kivuko cha mto, bila mtu wa kumpa maji, na kwa mara ya kwanza akaiacha picha hiyo ifike mwisho wake.

Kesho yake alikwenda kwa kadhi. Haikuwa siku ya kesi. Alimkuta nyumbani kwake anakula tende na maziwa ya mgando.

"Raita hataomba mimi nikiwa na kinyongo," alisema kabla hata ya kukaribishwa. "Naomba mimi."

"Wewe si mke wake."

"Najua mimi si mke wake, bwana kadhi! Mwite yeye aombe, na mimi nitakuwapo niseme sina neno."

Kadhi alimkodolea macho yake mabovu. "Unajua kinachofuata? Atakaa eda ya mjane. Mwanao atahesabiwa amekufa."

"Najua."

"Na yule mtu wa mawe atafurahi."

"Najua pia."

"Basi litamke mwenyewe hapa, isije ikasemwa kwamba mji ulikulazimisha."

Kadhi aliacha kutafuna, akangoja. Nje mtu alikuwa akimfukuza mbuzi.

"Jabala amekufa," alisema Mama Jabala.

Na hapohapo akamkasirikia kadhi, akamkasirikia kweli, kwa sababu tu alikuwa bado ameshika tende mkononi.

Basi mambo yakaenda kama sheria inavyoyapeleka. Raita aliomba, Mama Jabala akasema hana neno, kadhi akahukumu. Siku ya kufungua tita, fundo lilikataa. Lilikuwa limekauka likawa gumu kama mfupa, na vidole vya Mama Jabala viliteleza juu yake mpaka kucha ikatoka damu. Mwishowe Raita alileta kisu, akamtazama kwanza, akakata. Matete yakaanguka huku na huku, mapya kwa nusu mapya, na hakuna kilichokuwamo ndani ila vumbi na mchwa.

Walikuja watu kulia, lakini wachache. Wenzake Jabala wengi walikuwa wameshakufa au wamehamia Khurasani. Vijana wa mtaa walikuja kwa adabu, na nilimsikia mmoja akimuuliza mwenzake kwa sauti ya chini marehemu ni nani. Mwenzake akasema nadhani ni mtoto wa yule bibi wa kona. Aliyelia kuliko wote alikuwa Harmala. Alilia mpaka ndevu zikalowa, na sikuweza kujua kama alimlilia Jabala au ni furaha imekosa pa kutokea. Mama Jabala hakulia. Alikaa mkekani, kidole kilichojeruhiwa amekifunga kitambaa, akipokea pole kama mtu anayepokea mizigo ya watu wengine.

Kiwanja hakikuuzwa. Harmala alipokuja na habari ya malipo, Mama Jabala alimkatiza.

"Chukueni. Raita amekubali, ami yake Jabala, mrithi mwenzetu, amekubali. Lakini ukileta maneno mengi nitabadili mawazo."

"Mungu akulipe, mama. Mahali pale nitaweka kokoto bora kuliko zote. Nitazichagua mwenyewe, moja moja."

"Sina shaka," alisema.

Raita alimaliza eda, akaolewa kimya kimya. Budaili aliona heri arudi Kufa kwa watu wake. Siku ya safari Raita alimng'ang'ania mavyaa wake mlangoni akilia kwa sauti, akisema atatuma habari, akisema atakuja, akimwomba aje akae nao. Mama Jabala alimwambia aache kumchelewesha ngamia wa watu. Kisha akamfunga vizuri shungi lililokuwa limelegea, akampa kibuyu cha siagi kwa ajili ya mtoto, akaingia ndani kabla msafara haujaondoka.

Ukuta ulibomolewa wiki ileile. Waling'oa mafiga, wakasawazisha ardhi, wakashindilia, wakajenga ukuta mpya ulionyooka kutoka kibla mpaka mwisho, na Harmala akatimiza ahadi yake. Zilikuwa kokoto nzuri kweli, nyeupe, za duara, zote za ukubwa mmoja. Alizunguka mahali pale akizitazama kwa macho ya mtu aliyepona ugonjwa.

Ijumaa ikafika. Mama Jabala alikwenda mapema akasimama na wanawake, mahali ambapo angeweza kuiona kona. Msikiti ulijaa. Safu zilijipanga, na ile iliyokuwa ikikatika ikajinyoosha kutoka ukuta mpaka ukuta, bega kwa bega. Palipokuwa na kibanda cha Jabala alisimama kijana mmoja asiyemjua, wa umri ule ule aliokuwa nao mwanawe alipoondoka, akijikuna shingo.

Imamu alimaliza Fatiha. Amina ikapanda kutoka mbele, ikaja safu kwa safu, ikafika nyuma nzima, haikugonga popote. Wanawake waliokuwa karibu naye walimtazama kwa macho ya heri. Yeye alikuwa akingoja moyo wake utulie, kwa sababu alikuwa ameambiwa na watu wengi kwamba utatulia, na yeye mwenyewe alikuwa ameliamini hilo alipokuwa akitoka nyumbani. Haukutulia. Kilichompanda kilikuwa hasira, hasira ya wazi kabisa, juu ya wale watu wote ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Wakarukuu. Wakasujudu. Katika msikiti mzima yeye peke yake alibaki amesimama, macho kwenye kona, akiwaona migongo. Kisha wakainuka, safu nzima kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyejikwaa.